Kibata Anamngoja Bi Khole

Hodi ya kwanza Mahfoudh hakuisikia, kwa kuwa wakati ule bata wake wa kwenye televisheni alikuwa anatumbukia shimoni, na kila alipotumbukia alilia kwa sauti ya mtoto mwenye mafua. Hodi ya pili aliisikia mama yake, Bi Masouda, aliyekuwa jikoni akikaanga changu. Alizima moto, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga, akaitika karibu kabla hajajua anamkaribisha nani.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kama lilikuwa kosa. Katika mtaa ule wa nyumba za serikali kule Sib, watu hubonyeza kengele, au hugonga geti kwa funguo, au huita kwa Kiarabu wakiwa barabarani. Mtu akisimama kizingitini akapiga hodi, tena hodi ya kuvuta, huyo ni wenu, mtu wa Unguja. Nani tena katika Maskati nzima atakayepiga hodi?

Aliyeingia alikuwa bibi mwembamba, buibui lake limefifia kwa kufuliwa, mkononi kikapu cha ukili, begani mkoba wenye jina la kampuni inayopeleka watu umra. Kidevuni alikuwa na kovu dogo kama punje ya mchele.

"Hapa ndipo kwa Musallam?"

"Ndipo, Bibi. Ingia ndani, jua kali."

"Nyumba zenu zote moja," alisema bibi huku akivua viatu. "Nimemwambia dereva wa teksi, mie nnatafuta geti la kijani nyuma ya msikiti. Tumezunguka weee. Nilipoliona nkamwambia simama, ndilo hilo."

"Karibu sana. Mwenyewe yuko kazini, ntampigia simu sasa hivi."

"Usimsumbue. Nimengoja miaka chungu nzima, ntashindwa kungoja adhuhuri?"

Mahfoudh aliinuka na pedi ya gemu mkononi, akaihamishia mkono wa kushoto ili ambusu bibi yule mkono wa kulia. Bibi alimtazama kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu.

"Huyu ndiye mkubwa? Mashallah. Unafanya kazi wapi, mwanangu?"

Mama alimjibia. "Kamaliza chuo mwaka jana, Bibi. Makaratasi yake yako wizarani, tunangoja simu."

"Itakuja," alisema bibi, akaketi kwenye kochi lililoelekea televisheni. "Nipe maji, mwanangu. Mie Khole."

Bwana Musallam aliporudi adhuhuri, Bi Khole alimkamata uso kwa viganja viwili na kumwambia, "Nlikuwacha hujui kuvaa kiatu." Bwana Musallam, mwenye kipara na mvi na wadhifa wake wizarani, aliinamisha kichwa akapapaswa kama mtoto. Aliondoka Unguja akiwa amebebwa. Maisha yake yote alikuwa akikutana na watu wanaomkumbuka yeye, na yeye hamkumbuki hata mmoja wao. Akiulizwa kama amemsahau mtu, alikuwa na jibu moja tu, nalo ndilo alilolitoa siku ile pia: "Vipi ntakusahau, Bibi?"

Jikoni Bi Masouda alimbana mumewe kwenye friji.

"Nani huyu?"

"Shangazi yangu."

"Shangazi wa upande gani?"

"Upande wa kwetu."

"Baba Mahfoudh, humjui."

"Namjua. Jina la babake tu ndilo lililonitoka."

"Basi kamuulize."

"Nimuulize nini? Mtu katoka Unguja, kapitia Makka, kaja mpaka Sib kunitazama mie, leo nimwambie weye nani? Mgeni haulizwi mpaka siku tatu zipite. Ngoja zipite."

"Na zikipita?"

"Zikipita ntakuwa nishakumbuka."

Bi Masouda alicheka, akamkabidhi sinia ya wali.

Ukweli ni kwamba Bi Khole hakuwaachia nafasi ya kuuliza. Alikuwa na habari nyingi, na zote zilikuwa zimengoja muda mrefu. Alimsimulia Bwana Musallam mambo ya baba yake, Mungu amrehemu: namna alivyokuwa hodari wa kupiga mbinja, namna alivyokuwa akiogopa kuku, mpaka watoto wa mtaa wa Malindi wakimwona anapita wakimfungulia jogoo. Bwana Musallam alicheka mpaka akavua miwani. Kwa yote aliyowahi kuhadithiwa, baba yake alikuwa mtu mkali, karani asiyetabasamu. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya kuku. Mahfoudh alimwona baba yake akifuta macho kwa ncha ya kanzu, akawaza kwamba hajapata kumwona hivyo hata sikukuu.

Mahfoudh mwenyewe alikuwa na shughuli yake wiki ile, na haikuwa shughuli ya kumwelezea mgeni.

Yeye na Jaifar, mtoto wa ami yake, walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, wamesoma darasa moja, na kila mmoja alikuwa na Xbox nyumbani. Mashine ile ina tabia ya kuhesabu: kila mchezaji akitimiza jambo fulani ndani ya gemu, inalia ting, na jina lake linaongezewa alama. Alama hizo hazinunui kitu. Lakini zimeandikwa, na hazifutiki, na vijana wawili wakizitazama huanza kushindana. Mwaka ule wa 2008 Jaifar alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Uskochi, na ndege yake ilikuwa Jumamosi jioni. Wakawekeana sharti: atakayefika alama elfu kumi mwanzo, kabla Jaifar hajapanda ndege, huyo ni shekhe. Aliyeshindwa atamwita shekhe mbele za watu maisha yake yote.

Kwa Jaifar lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa Mahfoudh lilikuwa zaidi kidogo, ingawa asingemwambia mtu. Jaifar alipata kazi kabla yake, akaiacha kwa hiari yake, akapata masomo. Mahfoudh aliamka kila siku, akapiga pasi kanzu, akaitundika, akangoja simu. Alitaka jambo moja tu, hata dogo, hata la kipuuzi, alilolianza mwenyewe akalimaliza mwenyewe mbele ya Jaifar, ili Jaifar asafiri akimwacha mtu aliyeshinda, asimwache mtu anayengoja.

Wawindaji wa alama wanajua kwamba alama rahisi zimo ndani ya magemu mabovu ya watoto. Ndiyo maana Mahfoudh alikwenda Ruwi, kwenye duka lenye kapu la magemu yasiyotakiwa, akatoka na gemu la bata. Lilitengenezwa kwa haraka ili liuzwe pamoja na filamu ya katuni ambayo hakuna mtu aliyemjua aliyeiona. Kifaranga cha bata kimepotezana na mama yake wakati wa tufani, basi kinamtafuta kutoka kinamasini mpaka mjini, na mjini mpaka mlimani, kikiokota manyoya ya dhahabu njiani. Kibata huyo aliteleza kama amepakwa mafuta miguuni. Aliruka akaanguka mahali ambapo macho yalisema amefika. Adui yake alikuwa mbweha anayejua hatua tatu tu, na mti ukiwa karibu picha yote ilijificha nyuma ya majani, humwoni bata wala mbweha.

"Mtu mzima na digrii yake," Jaifar alimwambia kwenye simu, "anacheza bata."

"Weye unacheza nini?"

"Mpira. Mchezo wa wanaume."

"Una ngapi?"

"Zinanitosha. Msalimie bata."

Hesabu ya Mahfoudh ilikuwa hivi: akiokota manyoya yote, kisha akamaliza hadithi, atafika elfu kumi na kidogo juu. Hakuhitaji kulipenda gemu. Alihitaji kulimaliza.

Asubuhi ya Alkhamisi alikaa sakafuni mbele ya televisheni, sauti ameipunguza ili asimsumbue mgeni. Bi Khole alikuwa nyuma yake kwenye kochi, anachambua mchele uliokuwa tayari safi, kwa kuwa hakuweza kukaa bure.

"Anatafuta nini huyo?"

"Nani, Bibi?"

"Kibata."

"Mamake. Wamepotezana kwenye tufani."

Bi Khole aliweka ungo chini. "Maskini. Na huyu mwenye mkia?"

"Mbweha. Anataka kumla."

"Mbona anakwenda na kurudi pale pale? Hana njia nyengine?"

"Ndivyo walivyomtengeneza, Bibi."

"Basi mpitie kwa nyuma. Mjinga hatazami nyuma."

Mahfoudh alimpitia kwa nyuma, na kweli mbweha hakugeuka. Alikuwa akianguka pale kwa mbweha tangu juzi.

Tangu saa ile gemu halikuwa lake tena. Bi Khole alihamia sakafuni, akaegemea mto, akamsimamia. Mahfoudh akisahau unyoya alimwambia, "Rudi, kuna kitu kinang'aa nyuma ya pipa." Kibata akitumbukia majini, bibi alisema "Aa, aa, aa," akafunika uso kwa ncha ya mtandio, kisha akachungulia. Kibata akiibuka tena mwanzoni mwa njia, mzima, alisema alhamdulillah, na alisema kila mara, hata mara ya kumi. Mahfoudh alijaribu kumweleza kwamba hawezi kufa, akifa anarudishwa.

"Anajua yeye kwamba anarudishwa?"

Mahfoudh alifikiri. "Nadhani hajui."

"Basi anaogopa vile vile," alisema Bi Khole.

Jambo la ajabu lilimpata Mahfoudh. Alikuwa ameshapita kinamasi na mji mzima bila kumtazama bata usoni hata mara moja. Sasa aliona kwamba mtu fulani, katika haraka ile yote ya kutengeneza kitu cha kuuza, alikaa akamchorea kibata jicho zuri, lenye nukta nyeupe, na kwamba akiachwa asimame peke yake bila kubonyezwa kitu, kibata hugeuza shingo akatazama alikotoka. Labda aliyemchora naye alikuwa kijana mwenye kazi ya kwanza. Labda aliambiwa afanye haraka, akafanya haraka kila kitu isipokuwa lile jicho. Mahfoudh alimwacha kibata asimame kitambo, kwa ajili yake huyo asiyemjua.

Bwana Musallam alipita akielekea chumbani, akakuta mwanawe na mgeni wamekaa bega kwa bega.

"Nyie mnafanya nini?"

"Tunamtafuta mamake," alisema Bi Khole bila kugeuka. "Kaa hapo, usizibe."

Bwana Musallam akakaa.

Ijumaa asubuhi walifika mlangoni. Manyoya yote yalikuwa yameokotwa, mlima umepandwa, mbweha ametumbukia thelujini. Mbele ya kibata palikuwa na mlango mkubwa wa bustani, na nyuma ya mlango, sauti ya bata mkubwa ikiita. Mashine iliandika kwamba imeihifadhi safari mpaka hapo. Kilichobaki ni kipande kimoja cha mwisho.

Adhana ya kwanza ililia. Bwana Musallam alikuwa ameshatoka kwenda msikitini, Mahfoudh naye alipaswa kumfuata. Bi Khole aliinuka akishika goti.

"Nakwenda kutia udhu. Weye nenda kasali. Usimkutanishe na mamake mie sipo."

"Simkutanishi, Bibi."

"Nambie nnakuahidi."

"Nakuahidi. Hafungui mlango mpaka uwepo."

Alilisema jepesi, kama mtu anavyoahidi kurudi na mkate. Baada ya sala na chakula wangekaa, wangemaliza, na alasiri angempigia Jaifar na kumnyamazia kwenye simu mpaka Jaifar aelewe mwenyewe.

Lakini msikitini, watu walipokuwa wanavaa viatu, Bwana Musallam hakuweza kujizuia. Siku tatu zilikuwa zimetimia na alikuwa bado hajakumbuka chochote, lakini alikuwa na furaha, na furaha haifichiki. Alimwambia jirani aliyekuwa akitafuta ndara zake, "Mwenzangu, nna shangazi yangu kutoka Unguja. Njoo umwamkie."

Jirani huyu naye alikuwa Musallam, dereva wa lori la maji, mwenye nyumba upande wa pili wa msikiti. Watu waliwatofautisha kwa kusema Musallam wa wizarani na Musallam wa maji. Kabla ya Idi walinunua pamoja debe moja la rangi ya kijani, wakapaka mageti yao siku moja.

"Shangazi nani?" aliuliza Musallam wa maji.

"Bi Khole."

"Khole wa wapi?"

"Wa Malindi. Marehemu babangu ndiye nduguye. Kwani hukusikia kwamba babangu alikuwa akiogopa kuku?"

Musallam wa maji aliachia ndara aliyoishika. "Babangu mie," alisema, "alikuwa akiogopa kuku."

Kisha Musallam wa maji akauliza polepole kama bibi huyo ana kovu kidevuni, dogo, kama punje ya mchele, lile alilohadithiwa na babake, na hakungoja jibu. Alikwenda miguu mitupu, juani, na Bwana Musallam alimfuata akiwa amebeba viatu vya wote wawili.

Bi Khole alipoona mtu mzima amepiga magoti mbele yake analia na kumwita Shangazi, alimtazama yeye, akamtazama Bwana Musallam aliyesimama mlangoni na viatu mkononi, akarudi kumtazama yeye. Mtu huyu alikuwa na masikio ya ndugu yake, yaliyochanua. Hayo hayakuhitaji maelezo.

"Basi na huyu nani?" aliuliza.

Bi Masouda alikuwa ameanza kucheka na kulia kwa pamoja, na kicheko chake kiliwaambukiza wote. Bwana Musallam ndiye aliyechelewa kucheka. Alikuwa na shangazi kwa siku tatu, na baba mwenye kuogopa kuku, na sasa alikuwa hana.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Nilidhani nimekusahau."

Bi Khole alimshika uso kwa viganja viwili kama siku ya kwanza. "Weye ulinikaribisha hunijui. Huyu angenijua. Sasa nna akina Musallam wawili, na mmoja hana nywele."

Wakatoka kwa kishindo, kikapu kimechukuliwa na huyu, mkoba na yule, na Musallam wa maji ameshampigia simu mkewe Wadha, na Wadha ameshawapigia ndugu wa Nizwa. Mahfoudh alisimama ukumbini. Alitaka kusema kwamba kimebaki kipande kimoja, dakika chache tu. Lakini utamwambiaje mtu aliyempata shangazi yake leo kwamba amngoje bata? Bi Khole ndiye aliyegeuka akiwa getini, mkono kaushika wa mpwawe.

"Kibata changu," alisema.

"Yuko mlangoni, Bibi. Anakungoja."

Jumamosi asubuhi Mahfoudh alikwenda geti la pili la kijani. Wadha alimkaribisha, akamwekea kahawa na tende, akamwambia kwamba Bi Khole ametoka alfajiri na mumewe kwenda Nizwa kuonana na jamaa, na hawatarudi kabla ya Jumatatu. Mahfoudh alitikisa kikombe kuashiria imetosha, akashukuru, akarudi nyumbani.

Jaifar alipiga simu kabla hajavua viatu.

"Imebaki mechi moja. Nikishinda, nimefika. Weye je?"

"Mlango mmoja."

"Sasa unangoja nini, harusi?"

Mahfoudh alikaa sakafuni, akawasha mashine. Kibata alikuwa pale pale, ameigeuza shingo. Bata mkubwa aliita nyuma ya mlango. Kidole gumba cha Mahfoudh kilikuwa juu ya kitufe.

Njia ilikuwepo, na aliiona vizuri. Angeweza kumaliza sasa, akapata alama zake, kisha Bi Khole akirudi akakirudia kile kipande mbele yake tangu mlangoni. Gemu linaruhusu. Bibi angefurahi vile vile, angesema aa, aa, aa mahali pale pale, na asingejua kamwe. Hakuna mtu duniani angejua, na hakuna ambaye angeumia.

Ila yeye hakuahidi kumwonyesha. Aliahidi kwamba mlango hautafunguka bibi hayupo. Mlango ukifunguka leo, utakuwa umefunguka, na Jumatatu atakuwa anamchezea bibi kitu kilichokwisha huku akijifanya kinatokea. Mahfoudh alikuwa kijana anayeamini kwamba dunia imeshikizwa na mambo madogo ambayo hakuna anayeyakagua. Aliwahi kulisema hilo chuoni na wenzake wakamcheka, naye alicheka nao, lakini hakuacha kuliamini. Na alimfikiria bibi aliyekaa siku tatu nyumba ya watu, hana wasiwasi hata kidogo, kwa sababu aliambiwa karibu na akalichukua neno lile kama lilivyo.

Alizima mashine. Akavaa ile kanzu aliyoipigia pasi kwa ajili ya wizara.

Uwanja wa ndege ni karibu na Sib, lakini alipofika ukoo ulikuwa umeshajaa, watu wamemzunguka Jaifar na masanduku yake na kopo la halwa lililofungwa kwa utepe wa gundi. Ujumbe wake ulikuwa umeingia Mahfoudh akiwa njiani: elfu kumi, jitayarishe.

"Ee, mwenye bata kaja," alisema Jaifar. "Tuambie."

Mahfoudh alimpa mkono, mbele ya ami yake na wake wa ami yake na watoto waliokuwa wakikalia masanduku. "Safari njema, shekhe."

"Sijasikia."

"Safari njema, shekhe."

"Shekhe?" alisema mama yake Jaifar. "Shekhe gani huyu, sala ya alfajiri mpaka nimvute mguu?"

Watu walicheka, na Mahfoudh alicheka pia, lakini kicheko chake kilikwisha mapema kuliko chao. Jaifar alimfahamu tangu utotoni. Alimvuta pembeni, karibu na vigari vya mizigo.

"Mlango mmoja kweli?"

"Mmoja."

"Kwa nini hukufungua?"

Mahfoudh alimwambia, kwa maneno machache. Jaifar alisikiliza huku akitingisha kichwa.

"Na bibi mwenyewe si hata wako."

"Si wangu."

"Wallahi wewe," alisema Jaifar. Alimnyoosha kofia iliyokaa upande, akaipigapiga kidogo. "Kwenye simu niite Jaifar. Mbele za watu tu ndiyo shekhe."

"Sharti ni sharti."

"Basi pata kazi, uje kuniita huko huko Uskochi."

Jumatatu jioni, baada ya magharibi, Mahfoudh alivuka upande wa pili wa msikiti akiwa amebeba mashine ndani ya beseni la kufulia, na baba yake nyuma yake amebeba nyaya, ambazo Mahfoudh angeweza kuzibeba mwenyewe. Bwana Musallam alikuwa ametia manukato. Alipiga hodi, ingawa kengele ilikuwepo.

"Karibu," aliitika Bi Khole kutoka ndani.

Nyumba ilijaa. Jamaa wawili wa Nizwa walikuwa wamefuatana nao, wakashangaa mijitu mizima inafunga nyaya nyuma ya televisheni. Bi Khole alikataa kochi. Alikaa sakafuni, akaegemea mto, akamwonyesha Bwana Musallam mahali pa kukaa upande wa kulia, na Musallam wa maji upande wa kushoto. Halafu akasema, "Haya, mwanangu."

Kibata alifungua mlango. Bustani ilikuwa na vizuizi vichache tu, na Mahfoudh alivipita kwa mara ya kwanza bila kuanguka, huku Bi Khole akiwa ameshika mtandio tayari usoni. Kisha vitufe vikaacha kufanya kazi, na hadithi ikajiendesha yenyewe. Ilikuwa fupi mno. Bata mkubwa alitokea nyuma ya chemchemi, mkia wake umezama ukutani kwa makosa ya watengenezaji, akamfunika kibata kwa bawa moja. Hakukuwa na maneno, labda walisahau kuyaweka. Majina yakaanza kupanda.

Ting, ililia mashine.

"Nini hicho?"

"Alama, Bibi. Wananipa kwa sababu nimemaliza."

"Wakupe. Umefanya kazi." Alifuta macho, akaendelea kutazama majina yanavyopanda kana kwamba miongoni mwao lingetokea la mtu anayemjua. "Na mamake hakumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo?"

"Hakumuuliza."

"Kafanya vizuri," alisema Bi Khole. "Kwanza ale."